Mitungi ya Dawa na Mfuko wa Msalaba

Mji wa Werder uko kwenye mto Havel, si mbali na Potsdam, nchini Ujerumani. Katika kanisa lake la Roho Mtakatifu kuna picha ya zamani ambayo Mkristo wa kwetu akiiona kwa mara ya kwanza anaweza kudhani ni tangazo la duka la dawa. Bwana Yesu amesimama nyuma ya meza ya mwuza dawa, mizani mkononi. Mbele yake imepangwa mitungi minane, na kila mtungi umeandikwa jina la kilichomo: Neema, Msaada, Upendo, Uvumilivu, Amani, Uthabiti, Tumaini, Imani. Ndani ya kila mmoja mmechomekwa kijiko. Mtungi wa Imani ni mkubwa kupita yote. Juu ya kichwa cha Bwana yamenukuliwa maneno ya Mathayo 9:12, pale anaposema ni nani anayemhitaji tabibu.

Mwandishi Theodor Fontane, ambaye katika karne ya 19 alizunguka Brandenburg akiandika habari za vijiji na makanisa yake, aliiona picha hiyo na hakuipenda. Kwa maoni yake ni kazi ya mwanzo wa karne ya 18, wakati watu walipokuwa na desturi ya kuchukua mfano mmoja na kuukimbiza mpaka ufe. Tunamsikiliza kwa heshima, maana Fontane alikuwa mtoto wa mfamasia na yeye mwenyewe alijifunza kazi hiyo kabla ya kuwa mwandishi. Alijua meza ya dawa inafananaje. Lakini hatukubaliani naye. Picha za namna hii, za Kristo Mfamasia, zilichorwa kwa wingi katika nchi za Kijerumani kuanzia karne ya 17, kwa Walutheri na kwa Wakatoliki, na waumini walizielewa upesi kuliko sisi, kwa sababu vyombo vya namna ile walikuwa wakiviona kila walipokwenda kununua dawa. Sisi inatubidi kwanza tuijue mitungi yenyewe.

Tukisema mitungi, msomaji asifikirie mtungi wa maji. Mtungi wa dawa wa Ulaya ulikuwa chombo chembamba cha udongo, kwa kawaida chenye urefu wa shibiri moja au zaidi kidogo, kimesimama wima kama bomba fupi na kimebonyea kiunoni. Kiuno kile hakikuwekwa kwa ajili ya urembo. Mitungi ilipangwa kwenye rafu ikigusana mabega, na mwuza dawa alihitaji nafasi ya kupitisha vidole ili autoe mmoja bila kuangusha wenzake. Mdomo wake ulikuwa na ukingo uliojitokeza, kwa sababu mingi haikuwa na kifuniko. Juu yake kiliwekwa kipande cha ngozi au karatasi, kikafungwa kwa kamba chini ya ukingo. Dawa za majimaji zilikuwa na chombo chao chenye mkono na mdomo wa kumiminia, mfano wa birika. Waitaliano waliuita mtungi ule mwembamba *albarello*.

Kilichoufanya upendeze ni ngozi yake nyeupe. Udongo mtupu hunyonya. Ukitia ndani yake mafuta au asali iliyochanganywa na dawa, chombo kitainywa dawa kabla ya mgonjwa. Kwa hiyo wafinyanzi huupaka rojo ambalo likichomwa motoni hugeuka kuwa kama kioo. Wafinyanzi wa Basra, Iraki, katika karne ya 9, walijua kutia bati ndani ya rojo hilo, likatoka jeupe kabisa na kuufunika wekundu wa udongo. Walikuwa wakijaribu kufuata vyombo vya kauri vilivyotoka China. Vipande vya vyombo vyeupe vya namna hiyo kutoka Ghuba vimechimbuliwa na wanaakiolojia Manda na Shanga, katika visiwa vya Lamu. Yaani kazi hiyo ilifika pwani yetu karne kadhaa kabla Mwitaliano hajaimudu vizuri kwa mikono yake. Tunalitaja hili kwa sababu wanafunzi wetu wengi wanaingia chuoni wakiamini kwamba kila kitu kizuri kilichomo katika makanisa ya Ulaya kilizaliwa Ulaya.

Umbo la mtungi nalo lilitoka katika nchi za Waislamu. Mitungi ilisafiri kutoka Syria hadi Italia ikiwa imebeba tangawizi na viungo vingine, na ilipokwisha kumwagwa haikutupwa. Wafinyanzi Waislamu wa Hispania waliitengeneza pia, na vyombo vyao vilipitia kisiwa cha Majorca kwenda Italia, ndiyo maana Waitaliano wakaviita *maiolica*. Halafu wakajifunza kuvitengeneza wenyewe: Faenza, Montelupo, Deruta, Urbino, Castelli. Hospitali za Kikristo zikaweka dawa zake ndani ya umbo lililobuniwa na watu wa dini nyingine, na hatusomi popote kwamba askofu yeyote alikosa usingizi kwa jambo hilo.

Mtu wa Castel Durante aitwaye Cipriano Piccolpasso aliandika kitabu cha kazi hiyo yapata mwaka 1557. Mtungi ulichomwa kwanza bila rangi, ukatumbukizwa ndani ya rojo, ukakauka, na mchoraji akachora juu ya ule unga mkavu kabla ya kuuchoma tena. Unga hunyonya rangi papo hapo. Hakuna kufuta. Rangi zenyewe zilitoka kwenye madini: buluu ya kobalti, kijani cha shaba, zambarau ya manganizi, njano ya antimoni, na rangi ya chungwa itokanayo na chuma. Nyekundu safi iliwashinda wengi, maana moto uliiua.

Kwa nini gharama yote hiyo kwa ajili ya chombo cha dawa? Jibu la kwanza ni fahari. Mwuza dawa mwenye rafu nzuri aliaminiwa zaidi, kama ilivyo leo kwa mwenye duka lenye vioo na taa. Lakini liko jibu jingine, nalo tunaliona Florence. Hospitali ya Santa Maria Nuova ilianzishwa huko mwaka 1288 na Folco Portinari, baba yake Beatrice yule ambaye mshairi Dante alimpenda, na ingali inapokea wagonjwa mpaka leo. Mwaka 1430 na 1431 mfinyanzi Giunta di Tugio aliitengenezea mitungi kwa mamia. Tajiri aliyelipia mitungi kwa kawaida alitaka nembo ya ukoo wake ionekane. Mitungi ya hospitali hii ina alama ya mkongojo. Aliyeutazama mtungi ule alimwona mgonjwa kabla hajaliona jina la dawa, na hatujui nembo nyingine ya hospitali inayotugusa kuliko hiyo.

Huko Loreto, mahali pa hija pa Wakatoliki, duka la dawa la Nyumba Takatifu lilipata katika karne ya 16 mitungi zaidi ya 300 kutoka karakana za Urbino, hasa ya Orazio Fontana. Mingi imechorwa habari za Agano la Kale na Agano Jipya, mingine hadithi za Warumi wa kale. Huko husimuliwa kwamba Malkia Christina wa Sweden aliipenda mno hata akataka kuibadilisha kwa dhahabu. Huyu ni binti wa Gustavus Adolphus, mfalme aliyekufa vitani Lützen mwaka 1632 akiupigania upande wa Walutheri. Binti alikiacha kiti cha enzi mwaka 1654, akaingia Kanisa Katoliki, akapita Loreto akielekea Roma. Hatuwezi kuithibitisha habari ya dhahabu, lakini inaonyesha jinsi watu walivyoithamini mitungi yenyewe, mbali na dawa iliyokuwamo.

Na hapo ndipo shida ilipo. Mtungi hukuonyesha picha na jina tu. Majina yaliandikwa kwa Kilatini kilichofupishwa, kwa hiyo mnunuzi wa kawaida hakuweza kuyasoma. Mengine yana ndugu katika lugha yetu: neno lililofupishwa SYR. kwenye vyombo vya dawa za majimaji lina asili ya Kiarabu, shina lile lile lililotupatia sharubati. Ndani ya mitungi mingine kulikuwa na vitu vilivyotoka upande wetu wa bahari: shubiri ya Sokotra, manemane ya Somalia, na ambari, ambayo mwandishi Mwarabu al-Masudi katika karne ya 10 aliisifu ile ya pwani ya Zanj kuwa bora. Basi mgonjwa wa Nürnberg aliyekohoa huenda aliwahi kulamba kitu kilichookotwa ufukweni mwa Afrika Mashariki, naye hakulijua hilo.

Lakini ipo pia mitungi iliyoandikwa MUMIA. Humo kulikuwa na mwili wa binadamu uliokaushwa, uliotolewa katika makaburi ya Misri, ukasagwa na kuuzwa kama dawa ya majeraha na ya kuvuja damu. Wakristo waliununua. Mitungi yake ilichorwa maua yale yale na kwa uangalifu ule ule kama mitungi ya asali ya waridi. Mwaka 1582 daktari wa upasuaji Mfaransa Ambroise Paré aliandika akiipinga. Alisema haiponyi, na kwamba nyingine haikuwa hata ya Misri bali maiti za juzi zilizoghushiwa zionekane za kale. Venice ilikuwa na njia yake ya kupambana na udanganyifu: teriaka, dawa maarufu iliyochanganywa vitu kwa makumi pamoja na nyama ya nyoka, ilitengenezwa hadharani ili watu waone kinachotiwa. Mji uliokuwa na mitungi mizuri kuliko miji mingi ulijua kwamba uzuri wa mtungi si ushahidi.

Tuje sasa kwetu Walutheri, maana tusijidanganye kwamba hayo ni ya Waitaliano. Mwaka 1520 Friedrich Mwenye Hekima alimpa mchoraji Lucas Cranach kibali cha kuwa na duka la dawa Wittenberg. Kibali hicho kilimpa peke yake haki ya kuuza dawa mjini, na pamoja nazo viungo na divai tamu. Miaka miwili baadaye, Septemba 1522, Agano Jipya la Luther lilitoka likiwa na michoro ya karakana yake, na Cranach mwenyewe alikuwa mmoja wa waliogharimia uchapishaji. Mwaka 1523 Katharina von Bora, akiwa ametoroka utawa, alipata hifadhi katika nyumba ya Cranach, na mwaka 1525 Cranach alishuhudia ndoa yake na Luther. Sisi tunaofundisha historia ya Kanisa humweleza Cranach kama mchoraji wa Matengenezo, na ndivyo alivyokuwa. Lakini mfuko wake ulijazwa pia na pilipili, divai na dawa, na Neno la Mungu kwa Kijerumani lilisaidiwa na mfuko huo.

Luther mwenyewe hakuwa na shaka kuhusu dawa. Tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, watu wengi walikimbia, yeye akabaki. Katika waraka aliouandika kwa wachungaji wa Breslau waliomwuliza kama Mkristo anaruhusiwa kukimbia kifo, aliwakemea pande zote mbili: wanaowatelekeza jirani zao, na wale wanaojitia ushujaa na kukataa dawa kwa kisingizio cha imani. Mungu ameumba dawa, akatupa akili. Asiyezitumia anamjaribu Mungu. Tungependa waraka huo usomwe katika kila usharika ambako mtu ameambiwa atupe vidonge vyake kwa sababu ameombewa.

Habari nzito zaidi iko Halle. Mwaka 1695 mchungaji August Hermann Francke alikuta katika sanduku la sadaka thaler 4 na groschen 16, akasema kwa fedha hizo ni lazima lianzishwe jambo la maana, akaanzisha shule ya watoto maskini. Ikafuata nyumba ya yatima, na mwaka 1698 duka la dawa. Baadaye kidogo daktari wa hapo, Christian Friedrich Richter, ambaye pia alitunga nyimbo za kanisa, alianza kutengeneza dawa iliyoitwa Essentia dulcis, iliyosemwa kuwa ina nguvu ya dhahabu. Iliuzwa ghali. Ilisafirishwa nchi nyingi pamoja na vijitabu vya maelekezo, ikisifiwa kuwa inafaa kwa magonjwa mengi ajabu. Wamisionari wa Halle walipelekewa dawa India, na Henry Melchior Mühlenberg, aliyefika Pennsylvania mwaka 1742, aliuza dawa za Halle kati ya Walutheri wa Marekani. Faida ya biashara hiyo ililisha yatima.

Tufanye nini na habari hii? Kwa elimu ya leo hatuwezi kuitetea Essentia dulcis. Wala hatuwezi kumwita Francke tapeli. Nyumba yake iliwalea watoto ambao hakuna mwingine aliyewataka, na madaktari wake walitibu maskini bila malipo. Aliamini alichokiuza. Lakini mtu anaweza kuamini kwa moyo mnyofu, na mtungi wake bado ukawa umeandikwa zaidi ya kilichomo. Ugumu unaongezeka pale ambapo wema mwingi unategemea chombo hicho kiendelee kuuzwa. Nani ndani ya nyumba ya yatima angesimama na kuuliza kama kweli dawa inaponya, huku watoto wanasubiri chakula?

Hatuulizi kama watu wa mbali. Bartholomäus Ziegenbalg na Heinrich Plütschau, waliofika Tranquebar nchini India mwaka 1706, walitoka katika mkondo wa Halle. Kazi hiyo ya Tranquebar baadaye, katika karne ya 19, ilichukuliwa na Misioni ya Leipzig, na Misioni hiyo hiyo ndiyo iliyofika Kilimanjaro mwaka 1893. Sehemu ya ukoo wetu wa kiroho imepita katika nyumba iliyolishwa na dawa ya dhahabu.

Leo kanisa letu lina hospitali na zahanati, na wengi tuliowahi kukaa kwenye bodi zake tunajua kwamba mara nyingi chumba cha dawa ndicho kinachotafutiwa mishahara. Mama anayekosa fedha ya dawa anaomba msamaha wa gharama, na maombi yake yanapita mezani pamoja na madai ya wauguzi ambao nao wana watoto. Hakuna mtu mwovu katika kikao hicho. Nje ya hospitali zetu mambo ni makali zaidi: chupa za mafuta ya upako zenye picha ya mtumishi, maji yenye bei, sabuni ya baraka. Tunakumbuka pia mwaka 2011, magari yalivyopanga foleni kwa kilometa nyingi kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu wa kanisa letu. Bei ilikuwa shilingi 500, na kwa haki hatuwezi kuiita bei ya mfanyabiashara. Lakini waliokwenda huko hawakununua majani na mizizi peke yake. Walinunua pia jina la mchungaji lililokuwa juu ya kikombe. Na baadhi waliacha dawa zao.

Hii ndiyo sababu tunairudia picha ya Werder, na kuitazama vizuri kuliko tulivyofanya mwanzoni. Tuliitaja mitungi minane kwa kuwa ndiyo inayovuta macho. Mchoraji ameipanga safi, amevipa vijiko, ameiandika majina ambayo hakuna mhubiri asiyeyapenda. Lakini tazama mizani. Katika sahani moja ya mizani imewekwa hatia. Imelemea. Mkono wa Bwana hauendi kwenye mtungi wowote kati ya ile minane, hata ule mkubwa wa Imani. Mbele ya mitungi, mezani, upo mfuko umefunguliwa, na juu yake limeandikwa jina la mmea uliojulikana kwa Wajerumani, ambalo ukilifasiri neno kwa neno ni mmea wa msalaba. Kutoka humo amechota konzi moja, na hiyo ndiyo anayoitia katika sahani ya pili ili mizani ikae sawa.

Mlutheri yeyote aliyefundishwa Kipaimara anaweza kuueleza mpango huo. Imani ni kubwa, nayo ina mtungi mkubwa, lakini si imani yetu inayoinua sahani ya hatia, imani hupokea. Uvumilivu na tumaini ni dawa za kweli, ila hazilipi deni. Katika picha nyingine za namna hii, mahali pengine Ujerumani, yameandikwa pia maneno ya Isaya 55:1, mwaliko wa kununua bila fedha, na ni jambo la kushangaza kidogo kuyakuta juu ya meza ya duka. Mchoraji alijua kwamba kila aliyeingia kanisani siku ile alikuwa amewahi kusimama mbele ya meza kama ile akihesabu sarafu.

Fontane aliyaona haya yote. Aliuandika mfuko, aliiandika mizani, aliyaandika majina ya mitungi yote minane bila kuruka hata moja, kwa uangalifu wa mtu aliyezoea kusoma majina ya dawa. Kisha akasema ni kukosa ladha, akaendelea na safari yake.